Juu ya Pedeli Ipindayo Sauti ya Kinanda

Mara kwa mara walimu wenzetu wapigao vinanda hutuuliza neno moja: je, yafaa mpigaji kutumia mguu kuipandisha au kuishusha sauti ya kinanda cha umeme wakati noti ingali inalia? Wapo wanaolisifu jambo hili kana kwamba limetia uhai katika mti mkavu, na wapo wanaolikataa kwa kuwa walilisikia kwanza katika muziki wa dansi. Hoja hii ya pili hatutaijibu kwa maneno mengi. Vinanda vya upepo tulivyovikuta katika shule za misheni vilitaka miguu miwili ikanyage mivukuto tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, wala hakuna aliyeuliza miguu ile jana ilikanyaga nini. Lililo kubwa, kwa maoni yetu, halijaulizwa na upande wo wote: sauti kadhaa zinapolia pamoja, ni ipi ihamayo, na ni ipi ibakiayo mahali pake?

Kwanza tuseme kidogo juu ya jina. Katika Kiswahili jambo hili halijapata jina lililokubaliwa na watu wote. Tumesikia kuvuta, kutelezesha, kuburura na kupinda. Kuvuta hakufai, maana mwimbaji avutaye sauti aghalabu huirefusha tu, pasipo kuihamisha hata kidogo. Kutelezesha kwafaa pale sauti itokapo noti moja ikafika nyingine na kukaa huko. Kuburura kuna lawama ndani yake. Kiongozi wa kwaya akisema, "Mnaburura," hakuna anayedhani kuwa amesifiwa. Sisi twapendelea kupinda, kwa ajili ya upinde. Upinde ukivutwa hupindika, ukiachwa hurudi; na noti iliyopindwa vema ina tabia hiyo hiyo. Yatoka kwake, yatembea kidogo, yarudi, na msikilizaji wakati wote ajua kwake ni wapi.

Kupinda noti si jambo geni katika masikio ya watu wetu. Mwimbaji hulifanya bila kufikiri, zeze hulifanya, fidla ya taarab isipolifanya wasikilizaji hudhani mpigaji ni mgonjwa. Kinanda cha vitufe ndicho kisichojua, kwa maana kitufe ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa, na katikati hapana kitu. Waliotengeneza vinanda vya umeme waliuona upungufu huu mapema. Maurice Martenot, Mfaransa aliyekuwa mpiga sello, alipokionyesha chombo chake mjini Paris mwaka 1928, sauti ilihamishwa kwa pete iliyovaliwa kidoleni na kufungwa kwenye uzi. Pete ikisogezwa, noti ilipanda au kushuka pasipo kukatika. Baadaye Minimoog ya mwaka 1970 iliweka gurudumu dogo upande wa kushoto wa vitufe, na vinanda vingi vimeufuata mfano huo mpaka leo, vingine vikiweka kijiti badala ya gurudumu. Katika vinanda vingi vya sasa gurudumu hilo lina springi, nalo likiachwa hurudi katikati lenyewe. Msomaji na alikumbuke neno hili la springi, maana tutalirudia.

Walakini gurudumu lataka mkono wa kushoto. Mpigaji wa taarab ya kisasa, ambaye besi yake yapigwa na mwenzake, aweza kuutoa mkono huo pasipo hasara. Ndivyo afanyavyo pia mpiga kanuni, ambaye kwa mkono wa kushoto huinua na kushusha vipini vidogo vya chuma ili apate noti zilizo kati ya nusu toni na nusu toni. Lakini apigaye wimbo wa sauti nne hana mkono wa kutoa. Kulia anazo soprano na alto, kushoto teno na besi. Akiuondoa mkono wa kushoto ili akapinde noti moja ya soprano, wimbo huwa kama nyumba iliyong'olewa sakafu wageni wangali wamesimama ndani. Ndipo mguu uitwapo, nao ni haki yake kuitwa.

Pedeli zitumiwazo ni za namna mbili. Ya kwanza ni swichi tu: ukiikanyaga sauti huhama kwa kiasi kilichowekwa, ukiiachia hurudi. Vinanda kadhaa vya Yamaha, kama vile vya jamaa ya PSR na Clavinova za jamaa ya CVP, vina kazi hii, nayo huitwa Glide. Ya pili ni ile pedeli pana inayofuata mguu kwa kila kiasi, kutoka kisigino mpaka vidole. Hiyo ilitengenezwa kwa kazi ya kukuza na kupunguza ukubwa wa sauti, na mpigaji ndiye aipaye kazi ya kupinda kwa kubadili mpango wa kinanda. Watu wengi huipenda hii ya pili, kwa kuwa mguu waweza kwenda polepole au upesi kama upendavyo. Nasi twakiri kwamba ni bora kwa sauti yake. Lakini haina springi. Mguu ukiondoka, hubaki palepale ulipoachwa. Kwa kazi ya kukuza sauti hilo ni jambo jema. Kwa kazi ya kupinda ni hatari kubwa.

Jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Siku ya sikukuu moja tulikuwa tumepewa kinanda kipya, na kwa haraka ya kuonyesha vipawa vyake tukaipa pedeli kazi ya kupinda kwenda juu, kisigino kikiwa mahali pa noti ya kweli. Katika wimbo wa pili tuliisukuma kidogo mwisho wa mstari, tukageuza ukurasa, mguu ukasahau. Tukaendelea kupiga, kama robo toni juu ya mahali petu. Waimbaji, ambao masikio yao hufuata kinanda, walipanda pamoja nasi pasipo kujua. Bali matarumbeta hayapandi kwa hisani ya mtu. Wapigaji wake waliyasukuma mabomba ndani hata hayakuwa na pa kwenda tena, wakidhani kwamba ubaridi wa asubuhi ndio ulioyashusha. Ubeti ulipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa akipiga tuba aliinama, akatuambia kwa upole, "Mwalimu, sisi tumefika mwisho wa bomba. Labda wewe ushuke." Tukatazama chini, tukakiona kiatu chetu kilipo.

Tangu siku ile twaiweka pedeli kinyume: ikanyagwapo sauti hushuka, na kisigino kikirudi sauti hurudi juu mahali pake. Faida ni mbili. Mguu ukipumzika, hupumzika juu ya noti ya kweli. Na tena sauti ya mwanadamu, itafutapo noti, mara nyingi huijia kutoka chini. Mpigaji hukanyaga kabla ya noti, hubonyeza kitufe, kisha huachia polepole, na noti huinuka ikafika kwake. Kuachia, si kukanyaga, ndiko kunakosikika. Wanafunzi wetu huona tabu siku za kwanza, kwa kuwa mguu umezoea kufanya kazi kwa kusukuma.

Tukitaka kuliona jambo hili katika miguu ya bingwa, hatuna budi kwenda Amerika ya Kaskazini. Garth Hudson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki Januari 2025, alipiga kinanda katika kanisa la Kianglikana alipokuwa kijana, na pia katika nyumba ya mazishi ya jamaa yake. Mwaka 1961 alipoombwa kuingia katika kundi lile lililokuja kuitwa The Band, alitaka wenzake wamlipe dola 10 zaidi kila juma kwa kuwafundisha muziki, ili wazazi wake waweze kuambiwa kwamba mtoto wao ni mwalimu. Wasomaji wetu watajua wenyewe kama ada ile ilitosha.

Siku zile wapigaji wengi wa muziki wa namna hiyo walitumia Hammond. Chombo hicho, kilichoanza kuuzwa mwaka 1935, hupata noti zake kwa magurudumu ya chuma yazungushwayo na mota ifuatayo mwendo wa umeme uletwao na waya; kwa hiyo noti zake hukaa imara mno, wala hazipindiki, isipokuwa mtu azime mota na kuiacha ilegee, kama wengine walivyothubutu kufanya. Hudson alichagua Lowrey. Noti za Lowrey zilitokana na mitetemo ya umeme wenyewe pasipo gurudumu, na mitetemo hiyo yaweza kusukumwa. Ubavuni mwa pedeli ya kukuzia sauti palikuwa na swichi ndogo; mguu ukiigusa kwa upande, kinanda hushuka karibu nusu toni, na ukiiachia hurudi. Kwa mpigaji wa nyumbani hilo lilikuwa pambo tu, la kuiga gitaa la Hawaii. Hudson alilifanya sehemu ya usemi wake.

Asiyemjua na amsikilize katika "Chest Fever", iliyomo katika sahani iitwayo Music from Big Pink ya mwaka 1968, ambapo kinanda chaanza peke yake kwa kifungu kinachomkumbusha msikilizaji Toccata ya Bach ya D maina. Jukwaani mwanzo huo ulirefuka ukawa hotuba nzima ya kinanda, tofauti kila usiku; mmoja wao ulinaswa mjini New York mwisho wa Desemba 1971. Hapo mtu apata kupima nini pedeli yaweza na nini haiwezi. Kinanda kikiwa peke yake, au kikipiga noti moja moja, mshuko ule ni kama mtu asitaye katikati ya neno kisha akaendelea, waongeza maana. Wenzake wanapokuwa wameingia, gitaa la besi lashika mahali pake, na sikio lina nguzo ya kupimia. Bali swichi ikiguswa wakati mikono yote miwili imeshika noti nyingi na hakuna chombo kingine kilicho imara, vyote hushuka pamoja, na hapo hatusikii noti iliyopindwa, twasikia umeme uliopungua. Ufundi wake Hudson ulikuwa katika kujua lini, na hasa katika ufupi: kugusa, kuacha, kwisha. Waigaji wake wamechukua mguso wakaacha ufupi.

Tuongeze hapa onyo dogo. Katika "Up on Cripple Creek" ya mwaka 1969 Hudson akanyaga pedeli nyingine huku akipiga Clavinet, na watu hudhani kwamba amepinda noti. Hakupinda. Pedeli ile hubadili rangi ya sauti, kama kinywa kinavyotoka u kwenda a. Kimo cha noti hakikuondoka mahali pake. Mwalimu asiyetofautisha mambo haya mawili atawachanganya wanafunzi wake kwa miaka mingi.

Lakini chombo kinachotufundisha zaidi katika habari hii si kinanda. Ni gitaa la kulaza lenye pedeli, lisikikalo katika zile nyimbo za mashambani za Marekani ambazo zina wapenzi wengi nchini Kenya. Bud Isaacs alipolipiga katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954, alikanyaga pedeli wakati nyuzi zingali zinalia, na wapigaji wengine wakaanza mara moja kutafuta pedeli za namna hiyo. Pedeli ile huvuta uzi mmoja au nyuzi mbili. Nyingine haizigusi. Basi sauti moja yapanda na jirani zake wamesimama, na sikio lasikia umbali kati yao ukibadilika hatua kwa hatua, mpaka zikubaliane upya. Uzuri wote umo humo. Kila mwalimu wa kwaya aijua nguvu hiyo kwa njia nyingine: alto inapong'ang'ania noti yake hata besi imekwisha kuhama, kisha nayo ikashuka, waumini hushusha pumzi pamoja nayo. Kama sauti zote nne zingehama pamoja, hakuna ambaye angeona kitu.

Kwa kipimo hiki twasema kwamba pedeli ya kinanda cha umeme, kama itumiwavyo na wengi, hupinda vibaya. Na kosa si la mguu. Sababu yatoka katika mapatano ya MIDI ya mwaka 1983, yaani lugha ambayo vinanda vya umeme husemezana. Katika lugha hiyo amri ya kupinda haitolewi kwa noti moja. Hutolewa kwa njia nzima, iitwayo chaneli, na noti zote zilizomo katika njia hiyo huhama pamoja kwa kiasi kile kile. Mpigaji ashikaye noti nne kisha akakanyaga, amehamisha nyumba nzima pamoja na jiko lake.

Dawa ipo, wala haihitaji fedha. Vinanda vingi huweza kugawanywa sehemu mbili, mkono wa kulia ukawa na sauti yake na wa kushoto yake, na vingi huruhusu pedeli ihusike na sehemu ya kulia peke yake. Mpigaji na aipe kulia mahadhi tu, alto ahamie kushoto pamoja na teno na besi, akiacha noti moja pale mkono usipoenea. Wimbo utapungua unene kidogo. Kwa malipo ya unene huo atapata soprano inayoweza kusogea juu ya nyumba isiyotikisika, kama waimbaji wenyewe wanavyofanya. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 uko utaratibu mwingine, uitwao MPE, ambao huipa kila noti njia yake. Lakini vinanda vya namna hiyo ni adimu katika shule zetu, na tena humo kidole ndicho kipindacho, si mguu.

Kuna pia hesabu ya ngazi, ambayo tutaipita upesi. Amri ya kupinda ina ngazi 16,384, na 8,192 ndiyo katikati. Bali pedeli ya mguu mara nyingi hutoa ngazi 128 tu. Kinanda kikiwekwa kupinda nusu toni mbili, ndicho kiasi cha kawaida, kila ngazi ya mguu ni kama sehemu 1.6 katika 100 za nusu toni, nazo ni ndogo mno kwa sikio. Kikiwekwa nusu toni 12, kila ngazi yapita sehemu 9, na kama kinanda hakilainishi chenyewe, utasikia ngazi zile moja moja, kama mtoto apitishaye fimbo juu ya bati la mikunjo. Vijana hupenda hizo 12. Sisi twaweka mbili, na kwa wimbo wa kwaya twaweka moja.

Lililobaki lahusu lugha, nalo wapigaji hawalifikiri kabisa. Kiswahili huweka mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na katika usemi silabi hiyo hurefuka. Mkazo si pambo: barabara yenye mkazo juu ya ba ya pili ni njia, na yenye mkazo juu ya ra ya kwanza ni sawasawa. Noti iliyopindwa, kwa kuwa yavuta sikio, hufanya kazi ya mkazo, apende mpigaji asipende. Basi akiipinda noti ya silabi ya mwisho, kama wafanyavyo wengi kwa sababu ndiyo ndefu na mguu una nafasi, neno lasikika limetamkwa na mgeni. Tumesikia nyimbo nzuri zikiharibiwa hivi mstari hata mstari. Na katika lugha za bara ambazo kimo cha sauti hutofautisha maneno, kama vile Kihaya na Kikuyu, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mguu waweza kupanda pale neno linaposhuka. Mahadhi mengi yaliyoletwa kutoka Ulaya yalikwisha kugombana na maneno yetu tangu siku ya kwanza. Mpigaji asiongeze ugomvi wa tatu kutoka chini ya benchi. Na asome maneno kabla ya kuweka kiatu juu ya pedeli, atie alama kwa kalamu juu ya silabi zinazoweza kupindwa. Katika ubeti wa mistari minne ataona kwamba hazizidi mbili au tatu, na pengine hakuna hata moja.

Katika maandishi yetu basi tutaandika kupinda pale noti irudipo kwake, na kutelezesha pale isiporudi. Pedeli tutaiita pedeli, kama waendesha baisikeli. Wako wanaotaka tuseme kikanyagio, nasi neno hilo twalipenda, walakini hatujamsikia mpigaji hata mmoja akilitamka.